Uonevu wa watoto shuleni: je, ni kazi ya mhudumu wa afya, na aanzie wapi?

Muuguzi wa Ziwani aliuliza:

Habari za kazi, wanajukwaa. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya kata moja iliyo kando ya Ziwa Victoria, na ninaandika kwa sababu kuna jambo limeninyima utulivu tangu shule zilipofunguliwa. Zahanati yetu iko mwendo wa dakika kumi kutoka shule ya msingi, kwa hiyo wagonjwa wengi wa nje ninaowahudumia ni wanafunzi. Nilipokuwa nikijumlisha rejista ya MTUHA, yaani kitabu cha takwimu za wagonjwa, mwishoni mwa mwezi, niligundua kuwa wapo watoto wa darasa la tatu na la nne wanaorudi mara kwa mara wakilalamikia tumbo na kichwa. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha kuwa hawana vimelea, choo na mkojo havina kasoro, homa hakuna, nasi huwapa parasetamo na kuwaambia wanywe maji ya kutosha. Wiki inayofuata wako kwenye benchi tena, na aghalabu huwa ni Jumatatu au Alhamisi.

Siku moja nilimuuliza msichana mmoja wa miaka tisa kuna nini siku ya Alhamisi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kuwa Alhamisi ni zamu ya darasa lao kwenda na vidumu kuchota maji ya bustani ya shule, na kwenye kijia cha kuelekea ziwani kuna wavulana wa darasa la saba wanaowasubiri. Wanawamwagia maji, wanawanyang'anya pesa za maandazi, na yeye wanamwita "Funza" kwa sababu mwaka jana aliugua funza miguuni. Hana jina lingine tena shuleni. Nilipomuuliza kama amemweleza mwalimu, alinitazama kana kwamba nimemtaka afanye jambo lisilowezekana.

Nilikwenda kuzungumza na uongozi wa shule. Nilipokelewa kwa heshima, lakini jibu nililopewa ni kwamba hayo ni mambo ya watoto, yapo tangu enzi na enzi, na kwamba ningesaidia zaidi kama ningehimiza matumizi ya vyandarua. Sikulaumu, kwa maana hata katika mafunzo yangu ya uuguzi sikumbuki kipindi kilichozungumzia uonevu baina ya watoto kama suala la afya. Ninaomba wenye uzoefu mnisaidie: je, hii ni kazi yetu sisi watu wa afya? Na kama ni yetu, mtu mmoja katika zahanati yenye watumishi watatu afanye nini, bila kuvunja siri ya mtoto na bila kugombana na walimu?

Afisa Afya wa Kaskazini alijibu:

Dada Muuguzi, asante kwa kuandika. Nitajibu swali la kwanza kwa ufupi kwa sababu halina utata. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha utafiti wake wa afya ya wanafunzi shuleni mwaka 2003, maswali kuhusu kuonewa na wenzao yaliwekwa katika dodoso hilohilo linalouliza kuhusu chakula, kunawa mikono, tumbaku na pombe. Hapa kwetu utafiti huo ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2006. Mwaka 2019 UNESCO ilikusanya takwimu za nchi nyingi na kuonyesha kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni angalau siku moja katika mwezi uliotangulia. Ugonjwa wowote unaompata mtoto mmoja kati ya watatu ungekuwa na programu yake, bajeti yake na bango lake katika kila zahanati.

Swali lako la pili ndilo zito, na ninadhani umekwisha kulijibu nusu bila kujua. Wewe uko ziwani, kwa hiyo unakijua kichocho. Tukimpa mtoto dawa ya kichocho bila kujua anaingia majini wapi na saa ngapi, atarudi na vimelea vilevile mwaka ujao. Uonevu nao una mahali pake na saa zake. Wewe umekwisha kupata mahali, yaani kijia cha ziwani, na siku, yaani Alhamisi. Hiyo ni taarifa ambayo mwalimu mkuu hana, na ameikosa kwa sababu watoto hawasemi kwa midomo, wanasema kwa matumbo, na matumbo wanayaleta kwako. Anza kuandika pembeni, katika daftari lako wala si katika rejista inayosomwa na wengi: darasa, siku, saa, dalili, na mahali alipopataja mtoto. Usiandike jina. Baada ya miezi miwili utakuwa na ramani, na ramani hukubalika mahali ambapo lawama hukataliwa. Ukienda shuleni usiseme kwamba wanafunzi wa pale ni waonevu. Sema kwamba watoto wanaokuja na maumivu yasiyo na chanzo wengi wanatoka madarasa mawili, wengi wanakuja siku moja, na wanakitaja kijia kimoja, kisha uliza kama inawezekana mtu mzima atembee nao.

Hilo la mtu mzima kutembea nao linaweza kuonekana dogo mno, lakini ndilo lenye ushahidi. Mwishoni mwa mwaka 1982, kaskazini mwa Norwei, wavulana watatu walijiua, na ilidhaniwa kwamba chanzo kilikuwa kuonewa vikali na wenzao. Wizara ya elimu ya nchi hiyo ilianzisha kampeni ya taifa mwaka 1983, na mtafiti Dan Olweus wa Bergen akapima mpango wake katika shule za mji huo. Malalamiko ya watoto kuonewa yalipungua kwa takriban nusu. Usimamizi wa watu wazima wakati wa mapumziko ulikuwa sehemu kubwa ya mpango, pamoja na kanuni chache zinazoeleweka na wote, na mazungumzo ya dhati na mtoto anayeonea, anayeonewa na wazazi wao. Ni Olweus pia aliyetuachia tafsiri tunayoitumia hadi leo: kitendo cha kuumiza, kinachorudiwa, baina ya watu wasiolingana nguvu. Hiyo ndiyo tofauti yake na utani au ugomvi wa watoto wa rika moja, na inafaa uwe nayo kichwani siku utakayoambiwa tena kwamba ni mambo ya watoto.

Niongeze jambo moja kutoka huku kwetu. Nimefanya kazi katika vijiji vilivyo chini ya Mlima Meru, ambako maji ya chemchemi na visima vingi yana madini mengi ya floraidi. Watoto huota meno yenye madoa ya kahawia, na wakienda kusoma sekondari mikoa mingine huchekwa hadi wanajifunza kuzungumza huku wameweka kiganja mdomoni. Nimekutana na kijana wa kidato cha pili aliyekuwa hajibu swali darasani, na walimu walidhani ni mzito wa kuelewa. Hapo kazi yetu ilikuwa maji: kupima vyanzo, kuelekeza watoto wadogo wapikiwe na wanywe maji ya chanzo chenye floraidi kidogo, kusambaza vichujio vya mkaa wa mifupa kama ule ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Meno ambayo mtoto hakuharibikiwa nayo hayawezi kugeuzwa jina la dhihaka. Wenzetu wa ustawi wa jamii hawawezi kuifanya sehemu hiyo. Ni yetu.

Mwalimu Mlezi alijibu:

Ninawasalimu wote. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi mkoani Morogoro, mwaka wa kumi na nne kazini, na ninaomba kusema kwa uwazi ambao natumaini hautachukuliwa kuwa ni utovu wa heshima.

Dada Muuguzi, umetaja Jumatatu na Alhamisi. Ndugu Afisa amekujibu vizuri sana kuhusu Alhamisi, lakini kuhusu Jumatatu hakuna aliyesema kitu. Katika shule nyingi nilizofundisha, Jumatatu ni siku ya ukaguzi wa usafi mstarini. Kucha, nywele, sare, miguu. Mtoto mwenye mapunye hutolewa mbele, mwenye funza hutolewa mbele, na mara nyingine mhudumu wa afya huwepo na hufanya matibabu palepale uwanjani, shule nzima ikitazama. Nimemwona mvulana aliyenyolewa mbele ya wenzake akiwa darasa la pili kwa sababu ya mapunye, akaitwa "Mapunye" hadi alipofanya mtihani wa darasa la saba, ingawa ugonjwa wenyewe ulipona kwa wiki kadhaa za dawa. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nami nilikuwa miongoni mwa walimu waliosimama pale. Lakini ukitaka kujua majina ya uonevu yanatoka wapi, mengi hayabuniwi na watoto. Sisi watu wazima ndio tunaowapa, halafu tunashangaa wanapoyatumia.

Kwa hiyo ombi langu kwa watu wa afya, kabla ya semina yoyote, ni hili: ugonjwa unaoonekana utibiwe faragha. Ofisi yoyote yenye mlango inatosha. Na pale ambapo jamii ina hofu isiyo na msingi, njooni muiondoe hofu hiyo kwa maarifa, kwa maana mwalimu akisema anaonekana anabembeleza, ila muuguzi akisema anaaminika. Nilipofundisha upande wa Mahenge, ambako kifafa kimekuwa tatizo kubwa kwa miongo mingi, nilikuwa na mwanafunzi ambaye akianguka wenzake wanakimbia, kwa kuwa wameambiwa nyumbani kwamba povu la mdomoni linaambukiza. Hakuna aliyekaa naye dawati moja. Tabibu mmoja alikuja akakaa na darasa kwa nusu saa, akawaonyesha namna ya kumlaza mtu kwa ubavu na kumwekea kitu laini chini ya kichwa, na kwamba asiwekewe kitu chochote mdomoni. Alipoanguka tena, wasichana wawili walimlaza ubavu kabla sijafika. Baada ya siku hiyo nafasi kwenye dawati lake haikukaa tupu.

Jambo la pili ni viboko. Kisheria, hapa Tanzania Bara adhabu ya viboko bado ipo shuleni, ingawa kanuni zinaweka kikomo cha viboko vinne na zinataka mwalimu mkuu atoe idhini. Mtoto anayeonea wenzake akichapwa mstarini hajifunzi kwamba kumuumiza mdogo ni vibaya, anajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki ya kuumiza, na jioni yake humtafuta aliyemsemea. Ndiyo maana yule msichana alikutazama vile ulipomuuliza kama amesema kwa mwalimu. Wenzetu wa Uganda walifanya utafiti katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero, wakitumia mpango wa kujenga shule njema ulioandaliwa na shirika la Raising Voices, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: katika shule zilizofuata mpango, wanafunzi asilimia 31 walisema wamepigwa na mtumishi wa shule ndani ya wiki iliyopita, ikilinganishwa na karibu asilimia 49 katika shule nyingine. Utafiti huo ulilenga hasa ukatili wa walimu, lakini mimi sijaona shule iliyoweza kuwafundisha watoto wasipigane huku fimbo ikiwa juu ya meza.

Mama wa Mtoto wa Selimundu alijibu:

Nimesoma yote mliyoandika nikiwa na machozi, kwa sababu sikujua kwamba kuna watu wa afya wanaolitafakari jambo hili. Mwanangu ana selimundu na sasa yuko darasa la tano hapa Dar es Salaam. Macho yake huwa ya manjano, umbo lake ni dogo kuliko rika lake, na hadi mwaka juzi alikuwa akikojoa kitandani, jambo ambalo daktari alinieleza kuwa ni la kawaida kwa watoto wenye ugonjwa huu kwa kuwa figo zao hushindwa kuukoleza mkojo, hivyo hutoka mwingi. Shuleni alikuwa akiitwa jina ambalo siwezi kuliandika hapa. Walikuwa wakimficha chupa yake ya maji ili waone kama kweli atazimia. Kwa mtoto wa kawaida huo ungekuwa mchezo mbaya, ila kwa mtoto wa selimundu kukosa maji siku ya joto kunaweza kumletea maumivu ya mifupa ya kulazwa wodini, na mara mbili alilazwa.

Kliniki yetu iliniandikia barua kwenda shuleni: mtoto aruhusiwe kuwa na maji mezani, aruhusiwe kwenda chooni bila kuomba mara mbili, asisimamishwe juani wala kunyeshewa, asichapwe. Barua ilikuwa nzuri. Kwa bahati mbaya mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya darasa zima, nadhani kwa nia njema, na wiki iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote zilizotangulia. Nilitaka kumhamisha shule.

Kilichobadilisha hali ni muuguzi wa kliniki kuomba nafasi ya kufundisha somo moja la sayansi. Hakumtaja mwanangu hata mara moja. Alichora ubaoni chembe za damu za mviringo na zile zenye umbo la mundu, akaeleza namna zinavyokwama kwenye mishipa, akaeleza kwamba mtu huzaliwa nayo kwa kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili na kwamba huwezi kuambukizwa kwa kushika, kula pamoja wala kukaa karibu. Kisha akawauliza, kama mmoja wenu angekuwa na damu hii, darasa lingefanya nini? Watoto wenyewe wakataja maji, wakataja kivuli, wakataja kumbebea begi. Mwanangu aliniambia nyumbani, "Mama, leo nilinyoosha mkono." Ninaomba watu wa afya mjue kwamba barua peke yake haitoshi, na inaweza hata kudhuru. Mtu aje.

Mkaguzi wa Pwani alijibu:

Mimi ni afisa wa afya ya umma upande wa Kenya, pwani, na ninafanya kazi zaidi na shule za upili za bweni. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku huku mwaka 2001, lakini uonevu wa wanafunzi wa kidato cha kwanza haukwisha, hivyo nakubaliana na Mwalimu kwamba fimbo ni sehemu ya tatizo, ila naomba isidhaniwe kuwa ikiondoka kila kitu kitakuwa shwari. Huku waliokuwa wakiingia kidato cha kwanza waliitwa "mamono", na wakubwa waliwafulisha nguo, waliwanyang'anya godoro na waliwanyima chakula.

Sisi tunayo ruhusa ya kuingia mabwenini na jikoni kwa ajili ya ukaguzi wa afya, nafasi ambayo wageni wengine hawana. Nilipokuwa nikikagua, niliona magodoro matatu yakiwa juu ya kitanda kimoja na vitanda viwili vikiwa vitupu, na kwenye foleni ya chakula wadogo wote walikuwa mwisho na sufuria imekwisha. Hayo yote niliyaandika kama masuala ya malazi na lishe, kwa sababu ndivyo yalivyo, na uongozi wa shule uliyashughulikia ndani ya muhula bila mtoto yeyote kulazimika kushtaki. Mwangalieni mtoto anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI akiwa bwenini. Wapo wanaoacha dozi kwa kuogopa kuonwa na wenzao wakimeza, na anayekuja kuligundua ni daktari, miezi kadhaa baadaye, kiwango cha virusi kikiwa kimepanda. Patroni au matroni mmoja mwaminifu na kabati lenye kufuli huweza kuokoa maisha hapo.

Afisa Ustawi alijibu:

Nyongeza fupi kwa Dada Muuguzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji, kwa hiyo hufanyi udaku. Kunyang'anywa pesa njiani na kumwagiwa maji kunaweza kumalizwa shuleni, lakini ukisikia kuna kushikwa maungo, kuchaniwa nguo au kutishiwa kisu, usisubiri ramani ikamilike: mwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri au dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyohiyo. Namba 116 ni ya bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Uliza pia kama shule hiyo imekwisha kuunda dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, kwa kuwa shule nyingi zimeelekezwa kuwa nalo na baadhi zimelibakiza kwenye karatasi.

Muuguzi wa Ziwani alirudi:

Ninawashukuru nyote, na ninaomba mnivumilie kwa kurudi baada ya wiki tatu.

Mwalimu, nilifuatilia habari ya Jumatatu. Ni kama ulivyosema, ukaguzi hufanyika mstarini, na mhudumu anayekwenda kukagua anatoka zahanati yetu. Mwaka jana yule msichana alitibiwa funza kwenye uwanja wa shule, miguu ndani ya beseni la maji ya dawa ya zambarau, wenzake wakiwa wamezunguka. Nililiangalia daftari la siku hiyo. Mwandiko ni wangu. Mimi ndiye niliyemhudumia, na sikuwa nimemkumbuka, kwa kuwa kwangu alikuwa mmoja wa watoto kumi na wawili wa asubuhi ile.

Nimezungumza na mganga mfawidhi, naye amekubali kwamba kuanzia sasa ukaguzi ufanyike ndani ya stoo ya vitabu, mtoto mmoja mmoja, wote wakipita, wagonjwa na wasio wagonjwa, ili anayeingia asijulikane kwa lolote. Shuleni nilirudi na karatasi moja tu yenye siku, madarasa na kijia, bila jina. Mwalimu mkuu aliitazama kwa muda, akauliza kama ninaweza kumwachia nakala. Alhamisi mbili zilizopita mwalimu wa zamu amekwenda na watoto hadi ziwani na kurudi nao.

Kwa msichana yule nilimwendea mama yake nyumbani, nikamweleza na nikamwomba radhi, kisha nikazungumza na mtoto mwenyewe akiwa kwenye mapaja ya bibi yake. Bado wanamwita jina lile. Mama wa Mtoto wa Selimundu, ninaomba unieleze zaidi namna muuguzi wenu alivyolipanga lile somo, alianza na nini na lilichukua muda gani, kwa sababu nimepewa kipindi cha sayansi cha darasa la saba, Jumatano ijayo saa nne asubuhi, na ninataka kuzungumza nao kuhusu funza: jinsi anavyoishi katika vumbi la sakafu, jinsi anavyoingia mguuni, na kwamba hamchagui mtu.